Dr. J. B. Danquah, Wakili wa Wakulima wa Kakao

Mkulima wa karafuu na mkulima wa kakao hawajuani kwa sura, lakini wakikaa baraza moja hawatakosa la kuzungumza. Wote wawili hupanda mti wa kudumu ambao baba huuacha na mtoto akaurithi. Wote hutegemea mvua na jua kuja kwa wakati wake. Sisi huanika karafuu zetu juu ya majamvi. Wao huzifunika mbegu za kakao kwa majani ya migomba siku chache mpaka zichachuke, kisha wakaanika. Na juu ya yote, sisi na wao huuza mazao yetu kwa wanunuzi walio mbali, kwa bei isiyopangwa shambani.

Kwa sababu hiyo tumeona inafaa katika toleo hili tuwaeleze wanachama khabari za mtu mmoja wa Ghana, nchi iliyokuwa ikiitwa Gold Coast wakati wa utawala wa Kiingereza. Mtu huyo ni Dr. Joseph Boakye Danquah, aliyekuwa wakili, mwandishi, na mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Hakuwa mkulima kwa kazi yake, lakini alitoka katika nchi ya kakao, na maisha yake yalifungamana na mambo ya zao hilo tangu ujana hata kufa kwake gerezani mwaka 1965.

UKOO WAKE NA SKULI

Danquah alizaliwa Disemba 1895 katika kijiji cha Bepong, nchi ya Kwahu. Baba yake alikuwa mpiga ngoma mkuu wa mfalme wa Akyem Abuakwa, na baadaye akaingia dini ya Kikristo akawa mhubiri wa Misheni ya Basel. Kaka yake kwa baba ndiye Nana Ofori Atta, aliyekuja kuwa mfalme wa Akyem Abuakwa tangu mwaka 1912 hata 1943, na ambaye Waingereza walimpa cheo cha Sir. Basi mtoto huyu alilelewa katika nyumba iliyokuwa na Biblia upande mmoja na ngoma za kifalme upande wa pili, na mambo hayo mawili hayakumtoka maisha yake yote.

Alipomaliza masomo ya misheni aliajiriwa Accra kuwa karani wa wakili mmoja Mwafrika, kisha akawa karani mahkamani, na mwaka 1915 kaka yake akamwita awe katibu wa baraza lake la hukumu. Huko ndiko alikojifunza jambo ambalo mawakili wengi wa siku zile hawakulijua. Wao walisoma sheria za Kiingereza vitabuni. Yeye alikaa chini ya wazee, akawasikiliza wakiamua mashauri ya mashamba, mirathi, mipaka na ndoa, akayaandika yote.

Mwaka 1921 alikwenda Uingereza kusoma. Mambo hayakuwa rahisi. Mtihani wa kuingia Chuo Kikuu cha London aliujaribu mara mbili akaanguka. Mara ya tatu, mwaka 1922, akafaulu, na tangu hapo hakurudi nyuma. Alisoma falsafa akapata digrii yake ya kwanza mwaka 1925; mwaka 1926 akakubaliwa kuwa wakili katika Inner Temple; na mwaka 1927 akapata udaktari wa falsafa. Katika siku hizo Waafrika wa Magharibi waliopata daraja hiyo katika chuo cha Uingereza hawakuonekana. Kadhalika alikuwa mmoja wa viongozi wa mwanzo wa Umoja wa Wanafunzi wa Afrika Magharibi ulioanzishwa London mwaka 1925.

WAKILI NA MWENYE GAZETI

Danquah alirudi kwao mwaka 1927 akafungua ofisi ya uwakili. Mwaka uliofuata alitoa kitabu juu ya sheria na mila za Waakan, na kingine cha mashauri yaliyohukumiwa kwa sheria hizo. Vitabu hivi vilikuwa na faida kubwa. Ardhi ya mkulima wa kakao haikuwa na hati kama za Kizungu. Ilisimama juu ya mila. Mila isiyoandikwa, hakimu mgeni aweza kuipuuza. Mila iliyoandikwa, wakili huishika mkononi akasema: hii hapa.

Mwaka 1931 alianzisha gazeti la kila siku. Humo watu walisoma maoni ya Waafrika wenyewe juu ya kodi, skuli, na mwenendo wa serikali. Baada ya muda mfupi serikali ilileta miswada miwili iliyowaudhi watu: mmoja juu ya uchochezi, uliobana uhuru wa kuandika, na mwingine juu ya malipo ya maji katika miji. Mwaka 1934 ujumbe ulikwenda London kulalamika kwa Waziri wa Makoloni. Nana Ofori Atta alikuwa kiongozi wa ujumbe, na Danquah alikuwa katibu wake. Ujumbe haukufanikiwa. Wenziwe wakarudi, yeye akabaki London mpaka mwaka 1936, akitumia siku zake katika maktaba kutafuta historia ya dola za zamani za Afrika Magharibi. Utafiti huo ulikuja kuzaa matunda, kwani Danquah ndiye aliyelipigania kuliko wengine wote jina la Ghana, jina la dola kongwe ya Sudani ya Magharibi, liwe jina la nchi yao. Tarehe 6 Machi 1957 nchi ilipopata uhuru, ikachukua jina hilo.

MWAKA 1937, KWAO NA KWETU

Hapa inatupasa kusimama kidogo tuzungumze juu ya biashara.

Kakao ilianza kushika katika Gold Coast baada ya Tetteh Quarshie, fundi wa chuma, kurudi na mbegu kutoka kisiwa cha Fernando Po mwaka 1879 na kuzipanda Mampong. Hayakuwa mashamba makubwa ya Wazungu. Wakulima wenyewe walinunua ardhi, wakafyeka misitu, wakapanda. Ilipofika mwaka 1911 nchi ile ilikuwa ya kwanza duniani kwa kakao, kama visiwa vyetu vilivyokuwa vya kwanza kwa karafuu. Akyem Abuakwa, kwao Danquah, ilikuwa miongoni mwa sehemu za mwanzo kustawi kwa zao hilo.

Lakini kulima ni jambo moja, na kuuza ni jingine. Ununuzi ulikuwa mikononi mwa makampuni machache ya Ulaya. Mwaka 1937 makampuni hayo, likiwamo United Africa Company, yalipatana yasishindane katika kununua, bali kila moja lichukue fungu lake kwa bei moja. Wakati huo huo bei ilikuwa inaporomoka. Wakulima walipojua, walisema: ikiwa wanunuzi wamekuwa mtu mmoja, na sisi tuwe mtu mmoja. Wakakataa kuuza. Machifu wakawaunga mkono. Tangu miezi ya mwisho ya 1937 mpaka Aprili 1938 kakao ilikaa maghalani na majumbani, na watu wakaacha kununua bidhaa za maduka ya makampuni. Wengine hata walichoma kakao zao ili ijulikane kwamba hawafanyi mchezo. Mwishowe serikali ya Uingereza ikaleta tume chini ya William Nowell. Ripoti yake ya mwaka 1938 iliulaumu mpango ule wa makampuni, ikashauri wakulima wapewe chombo cha kuuzia mazao yao kwa pamoja.

Wazee wetu wanaokumbuka yaliyosimuliwa na baba zao watasema: mwaka huo huo na sisi tulikuwa na mgomo. Naam, lakini wetu ulikuwa wa upande wa pili. Huku Zanzibar, sheria ya mwaka 1937 ilikipa Chama cha Wakulima wa Karafuu, kilichoundwa mwaka 1927, haki ya kununua karafuu peke yake. Wafanyabiashara wa Kihindi wakasusa, na kule India nako, penye soko kubwa la karafuu zetu, wakaacha kuzinunua. Mapatano hayakupatikana mpaka mwaka 1938. Kwao mkulima aligomea wanunuzi walioungana. Kwetu wanunuzi waligomea mnunuzi mmoja aliyewekwa na serikali. Katika mambo yote mawili swali lilikuwa hili hili: nani apange bei, na ile ziada iingie mfuko wa nani?

BODI, NA CHUO CHA WAKULIMA

Vita vya 1939 vilipoanza, serikali ya Uingereza yenyewe ilichukua kazi ya kununua kakao yote. Baada ya vita, mwaka 1947, ikaundwa Bodi ya Kakao ya Gold Coast. Kazi yake ilikuwa kununua kwa bei iliyotangazwa mwanzo wa msimu, na kuuza nje. Soko likipanda, ziada iwekwe akiba. Likianguka, akiba imkinge mkulima. Mpango huo ni mzuri kwa maneno yake. Taabu huanza akiba inapokuwa kubwa, kwa sababu fedha nyingi zilizokaa pamoja huwa na wapenzi wengi.

Mwaka 1946 katiba mpya ya Gavana Burns ilikuwa imeleta Baraza la Kutunga Sheria ambamo kwa mara ya kwanza wajumbe Waafrika wasio wa serikali walikuwa wengi kuliko maofisa. Danquah aliingia katika Baraza hilo, akichaguliwa na mkutano wa machifu wa majimbo. Humo alikuwa msemaji mkubwa. Watu waliomsikia walimjua kwa mambo mawili: alikuja na karatasi zake amezisoma, na hakuogopa kusimama peke yake.

Moja katika mambo aliyoyapigania ni chuo kikuu. Mwaka 1945 tume iliyochunguza elimu ya juu katika Afrika Magharibi iligawanyika. Wajumbe wengi walitaka vyuo zaidi ya kimoja, na Gold Coast ipate chake. Wachache walitaka chuo kimoja tu, nacho kiwe Ibadan, Nigeria. Serikali ya London ilielekea kuyafuata maoni ya wachache. Danquah na wenziwe walikataa katakata. Walisema nchi iko tayari kutoa fedha zake yenyewe, na fedha hizo zipo: ni za kakao. Mwisho London ikakubali, na mwaka 1948 Chuo Kikuu cha Gold Coast kikafunguliwa. Hivi leo ni Chuo Kikuu cha Ghana pale Legon, na moja ya nyumba za wanafunzi inaitwa Akuafo. Neno hilo, kwa lugha ya Waakan, maana yake ni wakulima. Iliitwa hivyo kwa kukumbuka fedha walizozitoa watu wa mashamba.

Hili ni jambo la kuzingatia. Danquah hakusema kwamba akiba ya mkulima isitumiwe kwa faida ya nchi. Alitaka itumiwe kwa kitu kinachoonekana, na mkulima ajue ni chake.

UGONJWA WA MITI

Katika miaka hiyo hiyo kakao iliingiwa na maradhi ya virusi yanayovimbisha matawi na kuua mti. Dawa haikuwapo, wala mpaka leo haijapatikana. Njia ya pekee ni kuukata mti mgonjwa na hata ya jirani yake, ili maradhi yasienee. Mabwana shamba walikuwa wakisema kweli. Lakini serikali ilipopeleka watu na mashoka kukata kwa nguvu baada ya vita, wakulima waliona mti unaozaa bado ukiangushwa mbele ya macho yao. Wengi walidhani ni hila ya kuwafukarisha.

Chama cha United Gold Coast Convention, ambacho Danquah alikuwa mwanzilishi wake pamoja na mfanyabiashara George Grant, kilizinduliwa Saltpond tarehe 4 Agosti 1947, nacho kilikishika kilio hicho cha wakulima. Tume ya Watson, iliyokuja mwaka 1948 kuchunguza ghasia za nchi ile, iliandika kwamba ukataji wa mikakao ulikuwa miongoni mwa sababu za watu kuichukia serikali.

Sisi tusiwacheke wakulima wale. Hapa kwetu pia mwaka 1951 watu wa Kiembe Samaki waliingia taabuni kwa sababu ya ng'ombe wao kuchanjwa kwa amri. Jambo laweza kuwa la haki kwa elimu, likaharibika kwa namna ya kulitenda. Mtu akiambiwa kwa nini, akalipwa fidia ya kutosha, na akapewa miche mipya kabla shoka halijafika, atakuja mwenyewe kuonyesha mti mgonjwa ulipo. Akilazimishwa, ataficha.

1948 NA MWANAFUNZI ALIYEMPITA MWALIMU

Chama kipya kilihitaji katibu wa kufanya kazi mchana na usiku, nacho kikamwita Kwame Nkrumah kutoka London. Alifika Disemba 1947. Tarehe 28 Februari 1948 askari wa zamani wa vita waliandamana Accra kupeleka malalamiko yao kwa Gavana. Polisi wakafyatua risasi, wakafa watu watatu: Adjetey, Attipoe, na Odartey Lamptey. Mji ukawaka moto. Serikali ikawakamata viongozi sita wa chama, nao ni Danquah, Nkrumah, Obetsebi-Lamptey, Ako-Adjei, Akufo-Addo, na William Ofori Atta, ikawafungia kaskazini mwa nchi kwa wiki kadhaa bila ya kuwashtaki mahkamani.

Walipotoka, njia zikaanza kutengana. Danquah alikuwa mtu wa hoja, katiba na taratibu. Nkrumah alikuwa mtu wa mikutano ya hadhara. Aliwajua vijana, wachuuzi wa sokoni, na wafanyakazi wa reli. Juni 1949 Nkrumah akaunda chama chake, Convention People's Party, akataka kujitawala mara moja. Watu wakamfuata kwa wingi.

Katika uchaguzi wa 1951 chama cha Nkrumah kilishinda. Danquah naye aliingia Bungeni, lakini sasa upande wa upinzani. Mwaka 1954 alisimama nyumbani kwake Akyem Abuakwa akashindwa, na aliyemshinda ni mtu wa ukoo wake mwenyewe, Aaron Ofori-Atta. Mwaka 1956 akashindwa tena.

Lazima tuseme kweli juu yake. Danquah aliwatetea watu wa chini kuliko alivyojua kukaa nao. Alizoea mabaraza ya machifu na vyumba vya mawakili, na wengi walimwona kuwa mtu wa wakubwa. Elimu yake ilikuwa nuru, lakini taa iliyotundikwa juu sana haimwangazii anayetafuta sindano chini.

SHILINGI 72

Miezi michache baada ya uchaguzi wa 1954, serikali ya Nkrumah ilipitisha sheria ya kumlipa mkulima shilingi 72 kwa mzigo wa ratili 60, bei hiyo isibadilike kwa miaka minne. Hesabu yake ni kama pauni 134 kwa tani. Bei ya soko la dunia mwaka ule ilikuwa zaidi ya mara mbili ya hiyo. Serikali ilitoa sababu zake: fedha zikimwagika ovyo bidhaa zitapanda bei, na nchi inataka barabara, skuli na hospitali. Sababu hizo hazikuwa za uongo. Lakini mkulima aliuliza: mbona ni mimi peke yangu ninayekatwa, na mbona sikuulizwa?

Hasira hiyo ilizaa chama kipya huko Kumasi mwezi wa Septemba 1954, kikiongozwa na Baffour Osei Akoto, msemaji mkuu wa mfalme wa Ashanti. Ugomvi ukawa mkubwa, ukachanganyika na mambo ya ukabila na ya katiba, na damu ikamwagika pande zote mbili. Tulikumbuke jina hilo la Akoto, kwa sababu ndilo linalotupeleka mwisho wa khabari yetu.

SHERIA YA KUMFUNGA MTU BILA HUKUMU

Mwaka 1958, mwaka mmoja tu baada ya uhuru, Bunge la Ghana lilipitisha sheria iliyoiruhusu serikali kumtia mtu kizuizini mpaka miaka mitano bila ya kumpeleka mbele ya hakimu. Mwaka 1959 Akoto na wenziwe saba walikamatwa kwa sheria hiyo. Danquah akawa wakili wao.

Kabla shauri halijafika mwisho, mwaka 1960 nchi ilikuwa inakwenda kuwa jamhuri, na uchaguzi wa Rais ukafanywa. Danquah alisimama dhidi ya Nkrumah. Alipata kura 124,623, na Nkrumah 1,016,076. Hakuwa na tamaa kubwa ya kushinda, lakini aliona si vyema mtu mmoja apite bila ya mwingine kumkabili. Asiyekubali kushindwa si mshindani.

Mwaka 1961 shauri la Akoto likasikilizwa na Mahkama Kuu ya juu kabisa. Danquah aliiomba Mahkama iamuru wafungwa wafunguliwe. Alisema kwamba katiba mpya inamtaka Rais, anaposhika kazi, atamke mbele ya watu kwamba uhuru na haki vitaheshimiwa. Basi sheria inayomfunga mtu bila ya hukumu inapingana na tamko hilo, na haifai kusimama. Mahkama ilijibu kwamba tamko lile ni la dhamiri, mfano wa kiapo cha mfalme anapotawazwa. Likivunjwa, wa kumwadhibu Rais ni wapiga kura, si mahakimu. Ombi likatupwa. Akoto na wenziwe wakabaki ndani.

Mwezi wa Septemba mwaka huo huo wafanyakazi wa reli na bandari wa Sekondi na Takoradi waligoma kwa ajili ya bajeti iliyowakata mishahara kwa akiba ya lazima. Serikali ikawakamata wengi, na mapema Oktoba 1961 Danquah naye akachukuliwa. Sheria ile ile aliyoipinga kwa ajili ya wengine sasa ilikuwa juu ya kichwa chake. Akakaa kizuizini mpaka Juni 1962.

Alipotoka alirudi kwenye kazi yake. Mawakili wa Ghana wakamchagua kuwa rais wa chama chao, jambo lililoonyesha heshima waliyokuwa nayo kwake. Tarehe 2 Januari 1964 polisi mmoja alijaribu kumpiga risasi Rais Nkrumah. Siku sita baadaye Danquah akakamatwa mara ya pili. Hakuna shtaka lililoletwa juu yake mahkamani. Alipelekwa gereza la Nsawam, akiwa mtu wa miaka 68, mwenye maradhi. Akiwa katika chumba kidogo aliandika barua ndefu kwa Rais, mtu aliyefungwa naye mwaka 1948, akimweleza hali yake na kuomba kufunguliwa. Hakufunguliwa. Alikufa humo gerezani tarehe 4 Februari 1965, akiwa na miaka 69.

Mwaka mmoja baadaye jeshi lilimpindua Nkrumah, na wafungwa wengi wa sheria ile wakatolewa. Kwake yeye ilikuwa imechelewa.

ALIYOTUACHIA

Mpaka leo watu wa Ghana hawakubaliani juu ya Danquah. Wapenzi wa Nkrumah husema alikuwa mtu wa machifu na matajiri, na kwamba hakuwa na haraka ya uhuru. Wapenzi wake husema ndiye aliyeipa nchi jina lake, chuo chake, na mfano wa kuipenda sheria. Tangu mwaka 1968 Chuo cha Wanazuoni wa Ghana hufanya mihadhara ya kumkumbuka, na Accra ina njia panda kubwa yenye sanamu yake. Sisi si kazi yetu kuamua ugomvi wa nyumba ya watu. Lakini wakulima wa visiwani wanaweza kuchukua mambo matatu kutoka katika maisha yake.

La kwanza, mila ya shamba iandikwe. Migogoro mingi ya mirathi na mipaka ya mikarafuu huja kwa sababu aliyejua amekufa na hakuna karatasi. Danquah alikaa na wazee akaandika. Kila mwanachama mwenye mtoto anayejua kusoma aweza kufanya hivyo nyumbani kwake: nani alipanda, mikarafuu mingapi, mpaka uko wapi, nani shahidi.

La pili, akiba ina mwenyewe. Chombo chochote kinachomnunulia mkulima kwa bei ya kutangazwa na kuweka ziada, kiwe cha serikali au cha ushirika, kina wajibu wa kumwonyesha mkulima hesabu. Kuuliza hesabu si uasi wala utovu wa adabu. Wakulima wa kakao walitoa fedha kwa moyo mweupe zilipokwenda kujenga chuo, na hao hao wakaja juu zilipokatwa bila ya wao kuulizwa.

La tatu ndilo kubwa. Wengi waliponyamaza ilipopitishwa sheria ya kumfunga mtu bila ya hukumu, walidhani ni sheria ya watu wengine, ya wale wa Kumasi, ya wale wakorofi. Iliwafikia wafanyakazi wa reli, ikamfikia wakili, na mwisho ikawafikia hata mawaziri wa Nkrumah mwenyewe, kwani Ako-Adjei, aliyekuwa mmoja wa wale sita wa 1948, naye alifungwa kwa sheria hiyo. Kwa hiyo, ndugu wanachama, muswada wowote unapotangazwa, uwe wa karafuu, wa ardhi au wa mambo mengine, usomwe ungali muswada. Asiyejua kusoma asomewe. Palipo na shaka, matawi yakutane na wajumbe wetu waulizwe. Kusema wakati huo hakuna gharama kubwa; Danquah alisema mapema, lakini waliomsikiliza walikuwa wachache.